Mboga katika Madebe: Kazi Iwafaayo Watoto

Si lazima mtu awe na shamba ndipo apate mboga zake mwenyewe. Katika mitaa ya Kibera na Mathare, mjini Nairobi, ambako nyumba zimebanana hata pa kulima hapaonekani, jamaa nyingi huotesha sukuma wiki katika magunia yaliyosimamishwa karibu na mlango. Debe bovu au karai lililotoboka laweza kufanya kazi iyo hiyo. Faida yake huonekana hasa wakati wa kiangazi, bei ipandapo sokoni. Majani hayo yana vitamini A, na mtoto aikosaye kwa muda mrefu macho yake hudhurika, kwanza kwa kutoona vizuri jioni.

Kabla ya yote yafaa kujua debe lilitiwa nini zamani. Lililokuwa na dawa ya wadudu, dawa ya kuogeshea ng'ombe, rangi au oili ya motokaa lisitumiwe kabisa, hata likioshwa mara kumi. Udongo nao usichukuliwe karibu na gereji au mahali palipovunjwa betri za magari, kwa kuwa risasi iliyomo haionekani kwa macho, nayo hudhuru akili za watoto.

Mtu mzima na atoboe chini ya debe matundu manne au matano kwa msumari, atandaze kokoto, kisha ajaze udongo: makarai mawili ya udongo mzuri kwa moja la samadi iliyokwisha oza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Gunia lataka ufundi zaidi. Kopo lisilo na kifuniko wala kitako husimamishwa katikati na kujazwa kokoto. Udongo hutiwa pande zote, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hata gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo ipelekayo maji mpaka chini. Miche hupandwa juu, na katika matundu yaliyokatwa ubavuni.

Kila mtoto apewe debe lake mwenyewe, wala asifanywe mchukuzi wa maji tu. Mbegu ya kwanza iwe mchicha, maana huchipua baada ya siku chache na kuliwa katika wiki tatu au nne. Sukuma wiki hukawia miezi miwili hivi, na subira ya mtoto wa miaka sita haifiki huko. Atakaloharibu ni maji, kwa kuwa kila apitapo atataka kumwagilia. Afundishwe kuingiza kidole katika udongo. Kikitoka na unyevu, asubiri mpaka kesho. Kopo lililotobolewa matundu madogo humwaga maji taratibu kuliko kikombe.

Vidukari wakionekana chini ya majani, wafutwe kwa vidole au waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo. Watoto huipenda kazi hii kuliko wazee. Kuku ni adui mkubwa zaidi, na dawa yake ni kuliinua debe juu ya mawe na kulizungushia miiba.

Majani ya sukuma wiki huchumwa kutoka chini, na yale machanga ya kileleni huachwa. Mche utunzwao hivyo, ukiongezewa samadi kidogo mara kwa mara, huendelea kutoa mboga kwa miezi mingi. Kwa sababu ya samadi hiyo, mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bustanini.