Kutorudi kwa Daktari Si Kupona: Utafiti wa Maumivu ya Mgongo na Nafasi ya Lugha

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Methali hii inaafiki barabara hali ya mtu anayeumwa na misuli, mifupa au viungo. Homa hupimwa kwa kipimajoto na kidonda huonekana kwa macho, ilhali maumivu ya mgongo aghalabu hayana ushahidi mwingine ila kauli ya anayeumwa. Hata picha za uti wa mgongo huweza kupotosha, kwani watu wengi wasio na maumivu yoyote hupatikana na pingili zilizochakaa. Makala haya yananuia kueleza walichokigundua watafiti wa huduma za afya ya msingi, yaani zile zinazompokea mgonjwa kwanza, na kuonyesha ni kwa nini suala hili linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili.

Uzito wa tatizo lenyewe haukadiriki kwa wepesi. Inakisiwa kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na huenda idadi hiyo ikafika milioni 843 ifikapo mwaka wa 2050. Kwa wengi wao, hakuna ugonjwa mahususi unaoweza kutajwa kuwa chanzo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wagonjwa wa aina hii hupona karibu wote katika majuma machache. Sababu ya dhana hiyo ilikuwa sahili: hawakurudi kwa daktari. Mnamo mwaka wa 1998, Peter Croft na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kusini mwa Manchester, Uingereza. Kati ya wagonjwa 463 waliokwenda kwa daktari wakiwa na maumivu mapya ya mgongo, 275 walikwenda mara moja tu, na wengine 150 hawakurudi tena baada ya miezi mitatu. Lau watafiti wangeishia kwenye daftari za kliniki, wangehitimisha kwamba takribani wote walikuwa wamepona. Badala yake, waliwaendea wagonjwa na kuwauliza. Baada ya mwaka mmoja, kati ya 170 waliohojiwa, ni 42 pekee waliokuwa wamepona kabisa. Waliosalia walikuwa wakiishi na maumivu au ulemavu wa kiasi fulani. Kumbe kimya cha mgonjwa hakikuwa ishara ya afya.

Ugunduzi huo ulizua swali jingine: ni nani aliye katika hatari ya kuendelea kuumwa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliunda hojaji fupi yenye maswali tisa, iitwayo STarT Back. Manne kati ya maswali hayo yanahusu mwili, mathalani kutembea na kuvaa nguo. Matano yaliyosalia yanahusu jinsi maumivu yanavyomsumbua mtu, hofu ya kujongea, wasiwasi, kukata tamaa na kukosa raha. Majibu humweka mgonjwa katika kundi la hatari ndogo, ya wastani au kubwa, na kila kundi hupewa tiba yake. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2011, likiwahusisha wagonjwa 851, lilionyesha kwamba waliotibiwa kwa utaratibu huo walipata nafuu zaidi, tena kwa gharama ndogo.

Hata hivyo, utaratibu uo huo ulipojaribiwa katika jimbo la Washington, Marekani, na matokeo yake kutolewa mwaka wa 2018, wagonjwa hawakupata nafuu kuwashinda wenzao. Tiba waliyopewa haikuwa imebadilika sana. Ni bayana basi kwamba hojaji peke yake haimponyi mtu. Sharti jibu la mgonjwa libadilishe kile anachotendewa.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Ikiwa ushahidi mkuu ni kauli ya mgonjwa, basi neno baya katika swali ni sawa na kipimo kibovu. Kiswahili kinatofautisha mgongo na kiuno. Mtu anayeumwa na kiuno akiulizwa kama mgongo unamuuma, huenda akajibu la, na jibu hilo likaandikwa kuwa kweli. Aidha, mzungumzaji wa Kiswahili husema kwamba mguu unawanga, unachoma, umekakamaa au umekufa ganzi. Kila kitenzi kina maana yake, na ganzi mguuni ni dalili ambayo tabibu hapaswi kuipuuza. Hojaji inayokusanya yote hayo chini ya neno moja, "kuuma", hupoteza habari ambazo mgonjwa alikuwa tayari kuzitoa.

Kutafsiri hojaji, kwa hivyo, si kubadilisha neno kwa neno. Tafsiri hurejeshwa katika lugha chasili na mtu mwingine ili kasoro zifichuke, kisha husomwa na wagonjwa wenyewe waeleze walivyoielewa. Kazi hiyo inahitaji tabibu, lakini inamhitaji pia mwanaisimu anayejua jinsi watu wanavyoitaja miili yao huko Kakamega, Voi au Lamu. Mgonjwa ambaye hakurudi zahanati huenda amepona. Huenda pia amekosa nauli, au amechoka kueleza jambo ambalo halikusikika. Atakayejua ni yule atakayemfuata na kumwuliza kwa maneno anayoyaelewa.