Tuwafunze Watoto Kuunda Chombo, Si Kukinunua Tu

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo tumewakaririsha wanafunzi wetu miaka nenda miaka rudi, nao wameiandika katika insha zao bila kukosea herufi. Lakini hebu tujiulize, walimu wenzangu: ni wangapi miongoni mwao tuliowafunza namna ya kukifanya kisu kiwe kikali? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilipata kuaibika mbele ya mjomba wangu, na kilichoniaibisha ni shimo lisilozidi upana wa kidole gumba.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 1994. Nilikuwa nikifundisha Sanaa na Ufundi katika shule moja ya msingi wilayani Makueni, wilaya iliyokuwa imemegwa kutoka Machakos mwaka wa 1992. Mjomba wangu alikuwa mchongaji upande wa Mutomo, Kitui. Mfanyabiashara mmoja wa vinyago kwenye barabara kuu ya Mombasa alikuwa amemwagiza viko 10 vya mti wa mzeituni mwitu, na malipo yake yalikuwa yamekwisha kupangiwa kazi: karo ya binti yake wa kidato cha pili. Mjomba alichonga kwa tezo na patasi. Kazi ya kutoboa aliniachia mimi, maana nilikuwa mwalimu wa ufundi na nilikuwa na keekee mpya ya kuzungusha kwa mkono.

Watu wengi wakitaja uchongaji wa Wakamba hukumbuka Wamunyu kule Machakos, na jina la Mutisya Munge, aliyerejea nyumbani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ujuzi alioupata Tanganyika. Wengine hukumbuka ushirika wa wachongaji wa Changamwe, Mombasa, ulioanzishwa mwaka wa 1963. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, kinyago husifiwa kwa sura yake ya nje, ilhali kiko husimama au huanguka kwa kisichoonekana, yaani tundu lake la ndani.

Kiswahili kinazo istilahi kamili za jambo hili, ingawa tumezisahau. Mahali panapotiwa tumbaku ni bori. Katika kiko cha kale cha maji, mrija uliotoka kwenye bori kwenda majini uliitwa digali, na ule uliofika kinywani uliitwa shilamu. Chombo cha kutobolea nacho kina majina yake: keekee ndicho chombo chenyewe, chuma kinachokata ni kijembe, mti kinamokazwa ni msukano, kishikio cha juu ni jivu, nao uta ndio unaokizungusha. Fundi wa leo husema tu ‘drili’ na ‘biti’. Simlaumu, kwani hakuna aliyemfunza zaidi ya hayo.

Nirejee kwenye aibu yangu. Tundu la bori la kawaida huwa na upana wa milimita 20 hivi na kina cha milimita 40. Njia ya moshi, yenye upana wa milimita 4, hutokea upande wa mdomo na kuingia katikati kabisa ya sakafu ya tundu. Sakafu hiyo sharti iwe ya mviringo kama kitako cha kijiko, ili tumbaku iungue yote na moto usielemee mahali pamoja. Mimi nilitumia kijembe cha bapa nilichonunua dukani, kile chenye kichwa kama koleo na mwiba katikati. Kichwa kilikata vyema, lakini mwiba ulitangulia mbele na kuchimba shimo jingine chini ya shimo. Isitoshe, pembe zake ziliacha sakafu bapa kama ya kopo.

Mjomba alitia maji katika bori la kwanza, akaliinua usawa wa macho. Tone likachuruzika chini ya kitako. Alijaribu yote 10, na 3 yakavuja.

“Mwalimu,” akaniambia bila kupandisha sauti, “kijembe hiki kiliundiwa mbao za dari. Hakijui kwamba unatoboa kiko.”

Kisha akaomba tupa kuukuu, ile isiyokata tena. Tupa ni chuma cha pua, kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kukilainisha. Aliitia katika moto wa makaa ya mivukuto mpaka ikawa nyekundu, akaifukia katika jivu la moto ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi alirarua jalada la daftari langu la maandalio, akalikunja katikati, akachora nusu ya umbo la ulimi na kulikata kwa mkasi. Alipolikunjua, pande zote mbili zilikuwa sawa. Naam, huo ulikuwa ulinganifu niliokuwa nikiufundisha kwa chaki!

Aliichonga ncha ya tupa kwa kufuata jalada hilo. Kila ukingo aliulaza nyuma kidogo, huu upande huu na ule upande wa pili, kwa kuwa keekee yangu ilizunguka upande mmoja tu. Kijembe cha keekee ya uta, alinieleza, hunolewa pande zote, maana uta huenda na kurudi. Ukingo mmoja ukizidi mwingine, kijembe huyumba na tundu hupanuka. Alipotosheka alikitia motoni tena mpaka sumaku ikakataa kukishika, akakitumbukiza katika mafuta. Kikawa kigumu kama kioo. Mwisho alikisugua king’ae, akakipasha moto taratibu hadi kikapata rangi ya majani makavu, akakipoza. Hatua hiyo hupunguza ugumu kiasi, ili makali yasimeguke.

Kijembe kile kilitoboa kipande cha mti mbovu kwanza, kisha mabori 3 mapya. Hakuna lililovuja. Lakini mti mwingine ulichukua siku kupatikana, mzigo ukachelewa, na malipo yakachelewa pamoja nao. Binti wa mjomba alikosa wiki mbili za kwanza za muhula wa tatu. Hilo silisahau.

Huenda msomaji akauliza iweje mwalimu azungumzie viko. Sitetei tumbaku. Madhara yake yanajulikana, na Kenya ina sheria ya kuidhibiti tangu mwaka wa 2007. Kijembe kile kile chenye ncha ya ulimi hutoboa kinara cha mshumaa, kikopo cha chumvi, kinu kidogo cha viungo na kibao cha kuwekea kalamu. Mwanafunzi asiye na moto wala mivukuto anaweza kuanza na kijembe cha bapa cha dukani: auondoe mwiba, alichonge umbo lake kwenye jiwe la kunolea, akitumbukize majini kila mara chuma kisigeuke buluu na kupoteza ugumu wake. Avae miwani ya kukinga macho, na mwalimu awe kando yake.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulituahidi elimu ya mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na kwa kuwa shule zetu hufundisha kinachotahiniwa, karakana nyingi zikageuka maghala. Sasa Mtaala wa Umilisi umeturudishia ahadi hiyo. Nachelea kwamba tutaipokea kwa kununua vifaa vilivyokamilika, tuvipange kabatini, kisha tumwite mzazi alipie vingine vikivunjika.

Nalisema hili nikijihukumu mwenyewe. Mjomba aliniachia kijembe kile, nami kwa miaka mingi nilikionyesha darasani kama kumbukumbu, huku nikiwagawia wanafunzi vijembe vya dukani. Mjomba alipofariki ndipo nilipotambua kwamba sijamfunza hata mtoto mmoja kuunda kingine. Tangu hapo nimeunda viwili kwa kukumbuka mikono yake. Cha kwanza kilivunjika kwa sababu nilikosa subira ya kungoja ile rangi ya majani makavu. Cha pili kinakata mpaka leo.

Ujuzi hauzeeki, lakini huzikwa na mwenyewe usiporithishwa. Mwalimu mwenzangu wa Kitui au Makueni, usingoje bajeti. Muhula ujao waombe wanafunzi wako wakuletee tupa kuukuu moja kutoka kwa fundi wa jua kali aliye karibu, kisha mwalike fundi huyo aje nayo.