Saratani Imepona, Hesabu Bado

Doksorubisini ni dawa nyekundu kama juisi ya rozela, na mzazi wa mtoto anayewekewa dripu yake huambiwa mapema asishtuke mkojo ukibadilika rangi. Baada ya siku moja au mbili wekundu huo huisha. Kinachobaki hakionekani kwa macho. Dawa hiyo inapoua seli za saratani hujeruhi pia misuli ya moyo, na kadiri dozi zinavyojumlishwa ndivyo hatari inavyopanda. Mtoto hupona, hurudi shuleni, hukua, huanzisha familia. Miaka 20 baadaye anapanda ngazi na pumzi zinamwishia njiani.

Wataalamu huyaita hayo madhara ya baadaye, na kikwazo kikubwa cha kuyachunguza ni kalenda. Ruzuku nyingi za utafiti hutolewa kwa miaka mitatu hadi mitano, ilhali moyo uliojeruhiwa unaweza kukaa kimya mara tano ya muda huo. Viwanda vya dawa navyo havina haraka. Doksorubisini imetumika tangu miaka ya 1970 na sasa kampuni nyingi huitengeneza. Hakuna anayepata faida kwa kufuatilia inamfanya nini mtu aliyekwisha kupona. Mzigo huo hubaki kwa serikali na mifuko ya hisani.

Mfano ulio wazi zaidi uko Marekani. Mwaka 1994, kwa fedha za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo, ulianza utafiti mkubwa wa manusura wa saratani ya utotoni, ambao leo unaratibiwa na hospitali ya St. Jude mjini Memphis. Watafiti walirudi kwenye majalada ya hospitali za Marekani na Kanada, wakayapitia moja baada ya jingine: mtoto huyu alipewa dawa gani, miligramu ngapi kwa jumla, mionzi ilielekezwa wapi? Kisha wakamtafuta mwenye jalada, sasa mtu mzima, wakamtumia dodoso, na baada ya miaka kadhaa wakamtumia jingine. Na kwa kuwa shinikizo la damu humpata hata ambaye hajawahi kuugua saratani, wakawahoji pia kaka na dada wa manusura hao, wapate wa kulinganisha nao.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu manusura 10,397, wengi wao wakiwa bado vijana. Asilimia 62 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja sugu. Uwezekano wa kuwa na ugonjwa mkali au unaotishia uhai ulikuwa mara nane ya ule wa ndugu zao.

Hata kabla ya takwimu hizo, madaktari walikuwa wameanza kupunguza ukali wa tiba. Miongoni mwa watoto wenye aina ya saratani ya damu inayowapata zaidi watoto, waliopigwa mionzi ya kichwa walishuka kutoka asilimia 85 miaka ya 1970 hadi 19 miaka ya 1990. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoruhusu dola milioni 30 kwa mwaka kwa utafiti wa saratani ya watoto na maisha ya waliopona. Kuruhusu, hata hivyo, si kutoa: kila mwaka fedha hizo huombewa upya kwenye bajeti.

Ulaya nako somo lilitokea sikioni. Sisplatini, dawa ya uvimbe wa ini kwa watoto, huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba. Mtoto husikia mlango ukibamizwa, lakini "sisi" na "fisi" kwake ni neno moja. Jaribio lililoongozwa na Daktari Penelope Brock wa London liliongeza thiosalfeti ya sodiamu saa sita baada ya kila dozi, ili ilinde sikio bila kuukinga uvimbe. Watoto walianza kuandikishwa mwaka 2007, wengi wakiwa wachanga, na ilibidi kusubiri wafikishe miaka mitatu na nusu ndipo masikio yapimwe sawasawa. Matokeo yalitoka mwaka 2018: waliopoteza usikivu walikuwa asilimia 33, dhidi ya 63 kwa waliopata sisplatini peke yake. Kwa miaka 11 ilibidi awepo mfadhili asiyechoka kungoja.

Afrika Mashariki ni sehemu ya historia hii. Uganda ndiko Denis Burkitt alikoueleza uvimbe wa taya unaobeba jina lake, mwaka 1958, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza katika hospitali ya Mulago mwaka 1967, ikaonyesha kwamba dawa zinaweza kuuponya. Mojawapo ya dawa hizo, siklofosfamidi, inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Na watakaoishi na madhara kama hayo wataongezeka, kwani Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona.

Mtoto wa miaka sita anayetibiwa leo katika hospitali ya Mulago au Muhimbili atatimiza 40 baada ya miaka 34. Daktari atakayempokea wakati huo, awe Mbarara au Morogoro, atauliza swali lile lile la 1994: alipewa miligramu ngapi? Gharama ya kumjibu ni jalada, karani, na namba ya simu ya mzazi inayohakikiwa kila mwaka, na malipo yake huanza mtoto akiwa bado na dripu mkononi.