Mbio za magari ambazo mwenye kasi hashindi

MTU akitajiwa mashindano ya magari, picha inayomjia haraka ni ya vumbi, mngurumo wa injini na dereva mwenye kofia ngumu akikata kona kwa kasi ya kutisha. Hata hivyo, yapo mashindano mengine ya magari, yenye washabiki wengi Ulaya na yenye mizizi pia Afrika Mashariki, ambayo dereva akikanyaga mafuta kupita kiasi ndipo anapojipotezea ushindi. Ndani ya gari la mashindano hayo, mtu muhimu si yule aliyeshika usukani pekee, bali pia yule aliyeketi pembeni yake akiwa na karatasi mapajani.

Nchini Ufaransa mchezo huu huchezwa zaidi vijijini, katika siku za mapumziko, na mara nyingi kwa magari ya zamani. Washiriki hukusanyika asubuhi, hukabidhiwa kitabu cha njia na orodha ya maswali, kisha huondoka mmoja mmoja kwa kupishana dakika chache. Kutwa nzima huzunguka katika barabara ndogo zinazopita mashambani, wakitafuta majibu kwenye kuta za makanisa, madaraja ya zamani na vibao vya vijijini. Jioni hukutana tena, majibu yakasahihishwa na mshindi akatangazwa. Kwa maneno mengine, ni mchezo wa watoto wa kusaka hazina, isipokuwa wanaousaka ni watu wazima na wanausaka kwa gari.

Jinsi unavyochezwa

Msingi wa mchezo ni kitabu cha njia. Kila ukurasa wake una safu kadhaa. Ya kwanza huonesha kilomita zilizotembewa tangu mwanzo, ya pili kilomita tangu alama iliyopita, na ya tatu huwa na mchoro mdogo wa makutano ya barabara. Katika mchoro huo nukta huonesha gari linakotoka, na mshale huonesha linakotakiwa kuelekea. Michoro ya namna hiyo hujulikana duniani kote kwa jina la tulipu, kutokana na mashindano ya magari ya Uholanzi yaliyoanza mwaka 1949 na kupewa jina la ua hilo.

Kazi ya msoma ramani ni kulinganisha kitabu na mita ya kilomita ya gari. Kitabu kikisema kona iko kilomita 4.3 kutoka darajani, na gari limeshatembea kilomita 5 bila kona kuonekana, anajua kwamba wamekwishapotea. Hapo ndipo tabia za watu hujulikana. Wapo wanaokubali kurudi hadi alama ya mwisho waliyoihakikisha, na wapo wanaoendelea mbele kwa kutumaini kwamba njia itajirekebisha yenyewe. Hao wa pili ndio hufika jioni wakati wenzao wamekwisha kula.

Muda nao una hila yake. Katika mashindano mengi ya aina hii mwandalizi hupanga mwendo wa wastani ulio chini ya ule unaoruhusiwa na sheria za barabarani. Anayefika kituoni kabla ya wakati hukatwa alama sawa na anayechelewa. Kwa kanuni hiyo moja tu, hamu ya kukimbiza gari inakosa faida.

Mfano wa Makambako hadi Mawengi

Ili mchezo huu ueleweke kwa mazingira ya Tanzania, chukulia kwamba kitabu cha njia kimeandikwa kwa ajili ya mkoa wa Njombe, mwanzo ukiwa Makambako na mwisho Mawengi, wilayani Ludewa.

Makambako ni mahali panapofaa kuanzia kwa sababu ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapoachana na barabara ya Njombe na Songea. Swali la kwanza lingeweza kuhusu reli ya Tazara, ambayo ina stesheni mjini hapo: reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860 inaishia mji gani wa Zambia? Jibu ni Kapiri Mposhi. Asiyelijua hana haja ya kukisia, kwani mzee yeyote aliyefanya kazi relini angemjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Njombe mjini swali lingehusu mto Ruhuji. Kisha kitabu kingewaelekeza washiriki kushika barabara ya Itoni kwenda Ludewa, na hapo msoma ramani angetakiwa kutazama chini badala ya kutazama pembeni. Swali lingekuwa: mahali gani barabara inakuwa ya zege, na kwa nini? Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, chenye urefu wa kilomita 50, kilijengwa kwa zege badala ya lami ya kawaida. Eneo hilo lina milima mikali na mvua nyingi, na barabara hiyo inaelekea Liganga na Mchuchuma kwenye hazina ya chuma na makaa ya mawe, ambako malori mazito yanatarajiwa.

Swali la mwisho lingeulizwa Mawengi kwenyewe: herufi LUMAMA zinasimama badala ya nini? Hakuna kitabu cha wageni kinachotoa jibu hilo kwa urahisi, lakini wenyeji wanalo. Ni Lupande, Madunda na Mawengi, maeneo yaliyounda jumuiya ya watumiaji wa umeme unaotokana na maporomoko ya maji ya hapo hapo. Mshiriki akifika kwenye jibu hilo amekwisha kujifunza jambo ambalo dereva wa kawaida, anayepita akiwaza mafuta na muda, asingelijua hata angepita mara 20.

Mizizi ya Afrika Mashariki

Mashindano ya kutafuta njia si mageni katika ukanda huu. Mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita katika nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Tofauti na mbio za kuzunguka uwanjani, hayo yalikuwa mapambano dhidi ya tope, mito iliyofurika na maelfu ya kilomita za barabara ambazo hakuna aliyejua zitakuwa katika hali gani asubuhi yake.

Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot. Tanzania nayo ilikuwa na bingwa wake, Bert Shankland, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967, naye pia kwa Peugeot. Kila mmoja wa mabingwa hao alikuwa na msoma ramani pembeni yake, ingawa watazamaji wengi walilikumbuka jina moja tu.

Kadiri miaka ilivyopita, mashindano hayo yakaacha kupita Uganda na Tanzania, yakabaki ya Kenya peke yake. Magari yalizidi kuwa na kasi, timu za viwanda zikaingia kwa fedha nyingi, na fumbo la njia likapungua uzito.

Vituo 13 kwa saa 10

Fumbo hilo lilizaliwa upya mwaka 1989, pale yalipoanzishwa nchini Kenya mashindano ya Rhino Charge. Haya ndiyo yanayokaribia zaidi mchezo wa kusaka hazina, ingawa hayana barabara kabisa.

Mahali pa kufanyia mashindano hubadilishwa na hufichwa hadi siku zinapokaribia. Washiriki hupewa ramani ya eneo na mahali vilipo vituo 13. Kila gari hutakiwa kuvifikia vyote ndani ya saa 10 na kurudi kituo lilikoanzia. Mshindi ni yule aliyevifikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, unaopimwa kwa vifaa vya setilaiti, na kasi haihesabiwi.

Kanuni hiyo hugeuza kila kilima kuwa hesabu. Kukizunguka ni salama lakini kunaongeza mita mia kadhaa. Kukipanda moja kwa moja kunaokoa umbali, lakini gari likikwama linaweza kupoteza saa nzima, au likapinduka. Ndiyo maana katika kila timu wamo watu wanaotangulia kwa miguu, wakikimbia mbele ya gari kati ya miiba na mawe kutafuta upenyo. Gari hufuata alichokiona mwanadamu kwa macho yake.

Morocco nako yapo mashindano ya kanuni inayofanana, yaliyoanza mwaka 1990 kwa ajili ya wanawake peke yao, yaitwayo Rallye Aïcha des Gazelles. Washiriki hutumia ramani na dira bila msaada wa setilaiti, na huko pia mwenye umbali mfupi ndiye mshindi.

Hazina ni nini?

Swali ambalo msomaji ana haki ya kuliuliza ni faida. Magari ya mashindano ni ghali, mafuta ni ghali, na kwa mwananchi wa kijijini msururu wa magari ya wageni unaweza kuwa ni vumbi tu lililopita.

Jibu la Rhino Charge liko katika milima ya Aberdare. Mashindano hayo yalianzishwa ili kuchangia mfuko wa Rhino Ark, ulioundwa mwaka 1988 kuwanusuru faru weusi waliokuwa wakimalizwa na majangili. Fedha zilizochangwa na timu zilitumika kujenga uzio wa umeme. Mwanzoni uzio huo ulikusudiwa kwa sehemu ndogo ya hifadhi. Lakini wakulima waliopakana na msitu walikuwa na kilio chao, kwani tembo na nyati walikuwa wakila mazao yao usiku. Uzio ukaendelea kurefushwa hadi ukaizunguka milima yote, takriban kilomita 400, na ukakamilika mwaka 2009, miaka 20 baada ya kuanza. Baadaye kazi ikahamia Mlima Kenya na msitu wa Eburu.

Ndani ya uzio huo si faru peke yao waliolindwa. Misitu ya Aberdare ndiyo chanzo kikubwa cha maji ya jiji la Nairobi. Mchezo uliobuniwa kwa ajili ya mnyama mmoja ukaishia kulinda bomba la jiji zima.

Hapo ndipo mfano wa Mawengi unapopata uzito. Umeme wa maporomoko hutegemea mto, na mto hutegemea msitu ulio juu yake. Kijiji kinachowasha taa kwa maji ya mlima wake hakihitaji kuelezwa kwa nini miti isikatwe kwenye chanzo. Kinachohitaji ni uwezo wa kukilinda chanzo hicho, na wapo watu wa mijini ambao wangechanga kwa furaha kama wangepewa sababu ya kufika huko.

Hata hivyo, mchezo wa aina hii una masharti. Mashindano katika barabara za umma yanahitaji kibali na usimamizi wa polisi, na katika makazi ya watu mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa ni sheria, mashindano yawepo au yasiwepo. Magari yanayoacha barabara huharibu udongo na uoto, na kwa milima yenye mvua kama ya Ludewa hilo lingekuwa hasara kuliko faida. Kwa hiyo kinachofaa huko ni namna ya Ufaransa, yaani barabara zilizopo, mwendo wa taratibu na maswali yanayomlazimisha mgeni kushuka na kusalimia. Mchango nao upangwe na kutangazwa kabla ya gari la kwanza kuondoka, ili kijiji kijue kitabaki na nini baada ya wageni kwenda zao.