Mashine ya Picha Imechoka: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Katika miji yetu ya Kongo jamaa nyingi zaishi kwa kazi ya picha. Lubumbashi, Kisangani, Bukavu, hata katika vituo vidogo kando ya barabara, twamkuta mpiga picha na meza yake: kamera, kompyuta, na mashine ya kuchapa picha, ile ambayo wengi huiita emprimante. Kwa mashine hiyo wanafunzi wapata picha za karatasi zao, arusi na komunyo ya kwanza zapata ukumbusho, na watoto wa mpiga picha mwenyewe wapata fedha za shule. Basi siku mashine inapoanza kutoa picha zenye mistari, nyumba nzima huingia mashakani.

Hapo mashauri huwa mawili. Mmoja husema: «Itupe, ununue mpya.» Mwingine hujibu: «Ipeleke kwa fundi, bado ina nguvu.» Wahenga nao wametuachia maneno ya pande zote mbili: kipya kinyemi ingawa kidonda, na tena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twasema: tusihukumu mashine kabla ya kuujua ugonjwa wake.

Yafaa kwanza tufahamu jinsi inavyofanya kazi. Mashine ya wino ina kichwa chenye matundu mengi, membamba kuliko unywele, nayo hurusha matone madogo juu ya karatasi. Kuna njia mbili za kurusha wino huo. Mwaka 1977, huko Japani, katika maabara ya Canon, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa sindano iliyojaa wino, na wino ukaruka. Toka hapo wakatengeneza kichwa kinachopasha wino moto hata utoe povu na kuruka. Epson yafuata njia nyingine: vipande vidogo hujikunja kwa nguvu ya umeme na kuusukuma wino bila moto. Tofauti hii yagusa mfuko wetu. Katika mashine nyingi ndogo za HP kichwa kimo katika chupa ya wino yenyewe. Ukibadili chupa, umebadili na kichwa. Lakini katika mashine za Epson kichwa hukaa daima, na bei yake ni kubwa.

Sasa tutazame magonjwa matatu yanayoonekana mara nyingi.

La kwanza ni matundu kuziba. Chapa ile karatasi ya majaribio yenye mistari midogo. Mistari ikikosekana, safisha kichwa kwa amri ya mashine mara mbili au tatu, kisha uiache ipumzike usiku kucha. Usirudie mara kumi, kwa maana kila usafishaji wanywa wino. Kesho yake tazama tena. Ikiwa pengo lahamahama, yaelekea hewa imeingia katika mipira ya wino. Fundi aweza kuitoa. Ikiwa pengo labaki mahali palepale hata baada ya kuoshwa na fundi, yawezekana kichwa kimekufa.

La pili ni sponji kujaa. Chini ya mashine kuna sponji inayopokea wino wa usafishaji. Mashine yenyewe huhesabu, na hesabu ikitimia hugoma kabisa. Wengi hudhani imekufa, wakakopa fedha kununua nyingine. Kumbe yatosha kubadili sponji na kurudisha hesabu mwanzo. Lakini fundi anayerudisha hesabu bila kugusa sponji atakuachia wino ukimwagika mezani.

La tatu ni uchovu wa vyuma: magurudumu hayashiki tena karatasi, mkanda umelegea. Kimoja chatengenezeka kwa bei ndogo. Vikichoka vyote pamoja, huo ni uzee.

Baada ya kuujua ugonjwa, baba na mama wakae na daftari. Kama gharama ya fundi na kipuri haifiki nusu ya bei ya mashine mpya, na viungo vingine vyote ni vizima, tengeneza. Kama yapita nusu, au kama ni mara ya tatu mwaka huohuo, acha. Fedha hiyo yamwagwa katika gunia lililotoboka. Tena uulize kama kipuri chapatikana mjini, maana mashine inayongoja kipuri miezi miwili hailishi mtu.

Ukiamua kununua, usidanganywe na bei ya dukani. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mashine ya kwanza yauzwa dola 100, lakini wino wa dola 50 watoa picha 100: kila picha yala senti 50. Ya pili, yenye matangi ya wino, yauzwa dola 300, na wino wa dola 60 watoa picha 1500: kila picha yala senti 4. Ukichapa picha 500, ya kwanza imekula dola 350, ya pili dola 320. Na toka hapo rahisi yazidi kuwa ghali. Epson ilianza kuuza mashine za matangi huko Indonesia mwaka 2010, na leo makampuni mengine pia yazitengeneza. Lakini anayechapa picha chache tu kwa mwezi hana haja nayo: wino utamkaukia.

Iwe ya zamani, iwe mpya, mashine yataka utunzaji. Ifunike, vumbi la kiangazi lisiingie. Chapa karatasi moja ya rangi zote kila juma. Izime kwa kitufe chake, wala usiung'oe waya: ikizimwa vizuri, kichwa hurudi chini ya kifuniko chake, umeme ukikatika ghafula, kichwa hubaki wazi na wino hukauka. Kwa hiyo umeme ukirudi, iwashe, kisha uizime kwa utaratibu. Wala usichanganye wino wa aina mbili kwa sababu moja ni rahisi.

Mwenye kufuata haya hatamwogopa fundi wala muuza duka, kwa kuwa atajua mwenyewe anachonunua na kwa nini.