Baiti Moja Zaidi: Itifaki Nyepesi na Marekebisho Yake

Zama za telegramu, mtu aliyekwenda posta kutuma habari alilipia kila neno. Kwa sababu hiyo aliyapunguza maneno mpaka yakabaki yale tu ambayo bila hayo habari isingeeleweka. Ubahili huo haujatoweka. Umehamia kwenye vyombo vidogo vya kupimia joto na mvua, ambavyo huendeshwa kwa betri na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Vyombo hivyo si vigeni Afrika Mashariki: vituo vya hali ya hewa vya mradi wa TAHMO, wenye ofisi Nairobi, vingi vimesimikwa katika viwanja vya shule.

Mitambo miwili haiwezi kuzungumza bila mapatano, nayo mapatano hayo huitwa itifaki. Mojawapo iliyo nyepesi ni MQTT. Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM na mwenzake Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako mawasiliano yalikuwa ghali.

Chukua mfano wa kubuni: ghala la viazi katika mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, lenye kipimajoto. Kila ujumbe hubeba mada, yaani anwani ya habari. Mada na iwe “mbeya/soweto/joto”, na kipimo kiwe “18”. Mada huchukua baiti 17, kipimo baiti 2, kichwa cha ujumbe baiti 2, na urefu wa mada hutajwa kwa baiti 2 nyingine. Jumla ni baiti 23, bila kuhesabu bahasha ambazo mtandao wenyewe huongeza.

Ndivyo ilivyokuwa katika toleo la 3.1.1, lililoidhinishwa na shirika la OASIS mwaka 2014. Toleo hilo lilikuwa na kasoro yenye kuudhi. Seva ilipoukataa ujumbe, haikuwa na njia ya kueleza sababu: ama ijifanye imeupokea, ama ikate mawasiliano. Fundi akabaki kubahatisha kama kosa ni la chombo, la mtandao au la ruhusa. Toleo la 5.0, la mwaka 2019, lilileta namba za sababu. 135, kwa mfano, maana yake ni kwamba mtumaji hana idhini. (Toleo la 4 halikuwapo kamwe. Namba 4 ilikwisha kutumika ndani ya itifaki kulitambulisha toleo la 3.1.1, na kuiruka kulikuwa afadhali kuliko kuwachanganya watu.)

Lakini nyongeza zina bei. Katika toleo jipya kila ujumbe wa kipimo hubeba baiti ya kutaja urefu wa sifa za ziada, hata kama sifa hizo hazipo; baiti 23 zikawa 24. Kwa upande mwingine, mada ndefu yaweza kupewa lakabu ya namba. Ujumbe wa kwanza, unaoitambulisha lakabu, huchukua baiti 27; kila unaofuata huchukua 10 tu.

Mwanafunzi atakayehesabu ataona kuwa faida huanza katika ujumbe wa pili, mradi mawasiliano hayajakatika, kwani yakikatika lakabu nayo hufutika. Kwa hiyo kipimajoto kinachoamka, kikatuma ujumbe mmoja, kikakata na kulala ili kuhifadhi betri, hakipati faida hiyo. Kwake lakabu ni mzigo mtupu.

Waandishi wa hati mpya hawakukilazimisha chombo cha namna hiyo kubadilika. Kila chombo kinapobisha hodi kwenye seva hutaja namba ya itifaki yake: 3, 4 au 5. Seva inayozijua zote hukijibu kwa lugha yake. Kipimajoto cha ghalani, kilichotengenezwa kwa toleo la 2014, chaweza kuendelea kutuma baiti zake 23, ilhali chombo cha jirani kinatumia toleo la 5.0 kwenye seva ileile.