Feni Inayonenepesha Nyota

Kihisi cha kamera kikipata joto huzalisha umeme hata kikiwa gizani, nao hujitokeza kwenye picha kama chengachenga za nuru zisizo nyota. Umeme huo huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi. Kwa hiyo mpiga picha wa anga aliyeko Dar es Salaam, usiku wa nyuzi 27, hupambana na takribani mara nane ya kile anachokipata mwenzake wa Ulaya kwenye usiku wa nyuzi 9. Ndiyo sababu mafundi wa nyumbani hubandika kigae cha Peltier nyuma ya kamera. Umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili huchemka. Joto hilo lazima liondoke, basi huwekwa mapezi ya alumini, na juu ya mapezi feni ya kompyuta. Feni inatetemeka.

Kutetemeka kiasi gani? Tuchukue darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1000 na kamera ya pikseli za maikromita 4.3. Kila pikseli hubeba takribani sekunde 0.9 za tao, na digrii moja ina sekunde hizo 3600. Ncha moja ya bomba la mita moja ikisogea maikromita nne na ushei, nyota imeshahamia pikseli ya jirani.

Feni ya mizunguko 1500 kwa dakika hutikisa mara 25 kwa sekunde. Katika picha ya dakika tano hiyo ni mitikisiko 7500, yote imelaliana. Huoni mkwaruzo wowote. Unaona nyota nene, au zenye umbo la yai, na wengi huishia kuilaumu lenzi. Kamera ya kuongozea darubini nayo haiokoi kitu, maana hurekebisha kila baada ya sekunde moja au mbili.

Chanzo ni mapanga ya feni kutolingana uzito, kama tairi lisilobalansiwa. Nguvu ya mtikisiko hufuata mraba wa kasi: ukipunguza kasi nusu, nguvu hubaki robo, ilhali upepo hupungua nusu tu. Ndiyo maana feni ya milimita 120 inayokwenda polepole huishinda ya milimita 60 inayopiga kelele. Hilo mafundi wengi wanalijua. Wanapokosea ni kwenye mpira wa kuishikilia feni.

Mpira huzuia mtikisiko ukiwa laini kiasi cha kubonyea. Uzito wa feni ukiubonyeza milimita moja, feni na mpira wake vina mdundo wa asili wa karibu mara 16 kwa sekunde, na kwa feni yetu theluthi mbili ya mtikisiko bado hupita. Ukibonyea milimita nne, mdundo hushuka hadi 8, na kinachopita ni sehemu moja tu ya tisa. Lakini feni ni nyepesi, na vishikizo vya mpira vya dukani ni vigumu. Vikibonyea robo tu ya milimita, mdundo hufika 32, na mpira huo unaweza hata kukuza mtikisiko.

Mimi ningeitundika feni kwenye pembe zake nne kwa vipande vyembamba vya mpira wa manati, kisha nikagundisha bamba la chuma kwenye fremu yake: uzito huo huvuta mpira zaidi na kufanya mapanga yashindwe kuitikisa feni. Pengo kati ya feni na mapezi huzibwa kwa sponji laini ili upepo usichepuke. Waya ulegezwe, tena uwe mwembamba. Ukikakamaa, mtikisiko hupita humo. Na baada ya hapo usishushe volti ovyo, kwani mizunguko ikikaribia mdundo wa mpira, au wa miguu ya darubini, mtikisiko hupanda ghafla.

Kupima ni rahisi. Zima kwanza kigae cha Peltier, kisije kikaungua bila upepo. Piga picha za sekunde 10 za eneo lile lile, feni ikiwaka, ikizimwa, ikiwaka tena; rudia mara kadhaa, kwa sababu hewa nayo hubadilika, kisha linganisha upana wa nyota. Zikibaki mayai hata feni ikiwa kimya, kagua miguu ya darubini na upepo wa nje.